Ulemavu hauhitaji tasfida, unahitaji usahihi: Lugha ya mwalimu na mwanafunzi mwenye ulemavu

Mwalimu mmoja wa Kiswahili katika shule ya msingi ameniuliza swali ambalo, kwa maoni yangu, linastahili kujibiwa hadharani badala ya faraghani. Darasani mwake mna mvulana asiyeona na msichana anayetumia kiti cha magurudumu. Mwalimu anataka kujua: awaite walemavu, watu wenye ulemavu, watu wanaoishi na ulemavu, ama wanafunzi wenye mahitaji maalumu? Anasema kila warsha anayohudhuria humpa istilahi mpya na kumwambia kwamba ile ya warsha iliyotangulia ni tusi. "Sasa Profesa," anauliza, "tushike lipi, tuache lipi?"

Jibu la kwanza ni jepesi kiasi kwamba naona haya kuliandika: awaite kwa majina yao. Mvulana yule ana jina alilopewa na wazazi wake, na msichana vilevile. Mwalimu haingii darasani akasema, "Wewe mrefu, soma aya ya pili." Iweje basi aseme, "Wewe kipofu, sogea mbele"?

Lakini swali lenyewe lina kina kuliko jibu hilo. Kuna nyakati ambapo ni lazima tutaje hali ya mwanafunzi: tunapoandika ripoti, tunapopanga mtihani, tunapotunga vitabu vya kiada, tunapozungumza na wazazi. Hapo hatuna budi kuchagua maneno. Na kuchagua neno ni kuchagua mtazamo. Mwenye kudhani kwamba haya ni mambo ya maneno tu na afungue Katiba ya Kenya ya mwaka 2010. Kifungu cha 54, kinapoorodhesha haki za mtu mwenye ulemavu, hakianzi na shule, usafiri wala ajira. Kinaanza na haki ya kutendewa kwa heshima, kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdunisha. Elimu inafuata, kisha usafiri, kisha matumizi ya lugha ya ishara na breli. Waliotunga kifungu hicho walifahamu kwamba mlango wa kwanza anaofungiwa mtu ni ule wa ulimi.

Hebu basi tuyapime maneno yenyewe mojamoja.

Kuna hoja inayorudiwarudiwa katika warsha na hata katika tasnifu za wanafunzi wetu wa uzamili. Hoja hiyo husema kwamba Kiswahili kinawadharau watu wenye ulemavu kwa sababu kimewaweka katika ngeli ya vitu. Eti kipofu, kiziwi, kiwete na kibyongo vimo katika ngeli moja na kiti, kijiko na kikapu. Kwa hivyo lugha yenyewe imewageuza watu kuwa vyombo. Ni hoja inayovutia. Inavutia kwa sababu ni nyepesi kukumbuka na inampa msemaji sura ya mtetezi. Kwa bahati mbaya, haisimami.

Kwanza, ngeli katika sarufi tunayoifunza shuleni hutambuliwa kwa upatanisho, si kwa kiambishi cha mwanzo cha nomino peke yake. Tunasema kipofu amefika, vipofu wamefika. Upatanisho ni wa A-WA, ule ule wa mwalimu na daktari. Pili, kama kiambishi ki- kingekuwa tusi kwa chenyewe, tungelazimika kuwatetea pia kiongozi, kijana, kinyozi, kiranja na kipenzi. Sijawahi kumsikia kiranja akilalamika kwamba lugha imemfanya kijiko.

Tusi linazaliwa pale msemaji anapouvunja upatanisho huo kwa makusudi. Mtu anaposema, "Kile kipofu kimekuja tena," hapo ndipo amemtoa mwenzake katika ubinadamu na kumtupa rafuni pamoja na vikombe. Kosa liko katika kile na kimekuja. Liko katika uamuzi wa msemaji. Kwa maneno mengine, Kiswahili kimempa kila mtu nafasi ya kumheshimu mwenzake. Anayeidunisha nafasi hiyo asiisingizie sarufi.

Ushahidi mwingine unatoka kwa wahusika wenyewe, na hao ndio tunaowasahau mara nyingi tunapokaa hotelini kuwabunia majina. Nchini Tanzania kuna CHAVITA, yaani Chama cha Viziwi Tanzania. Wanachama wake wameamua kujiita viziwi, bila kujificha nyuma ya pazia lolote. Kuna Chama cha Wasioona, ambao walichagua wasioona badala ya vipofu. Kuna CHAWATA, Chama cha Walemavu Tanzania. Na kuna shirikisho linalovikusanya vyama hivyo, SHIVYAWATA, ambalo limetumia watu wenye ulemavu. Nchi moja, lugha moja, na makundi haya yamejichagulia majina ya aina nne. Je, nani kati yao amekosea? Hakuna. Kila kundi limejipa jina linaloliridhisha. Funzo kwa mwalimu ni kwamba hakuna orodha moja takatifu ya maneno. Kuna, hata hivyo, kanuni moja: muulize mwenye jina.

Sasa tugeukie neno ulemavu lenyewe, maana lina hazina ambayo hatujaichimba vya kutosha. Shina lake ni kitenzi lemaa. Kutokana na lemaa tunapata mlemavu na ulemavu. Lakini kitenzi hicho kina mnyambuliko mwingine: lemaza, na kutendwa kwake, lemazwa. Magazeti yetu, hili nikilijumuisha, yanaupenda sana mnyambuliko huo: mgomo walemaza masomo, mafuriko yalemaza usafiri. Tunakubali pasi na kusita kwamba masomo yanaweza kulemazwa. Mbona hatuulizi kama mwanafunzi pia hulemazwa, na nani?

Mtazame yule msichana wa kiti cha magurudumu. Miguu yake haimbebi. Hiyo ni hali ya mwili wake. Lakini maktaba ya shule ikiwa ghorofani na njia ya kufikia huko ni ngazi tupu, kinachomzuia kusoma vitabu si miguu. Ni ngazi. Choo kikiwa na mlango mwembamba usiopitisha kiti chake, akalazimika kutokunywa maji tangu asubuhi hadi jioni, aliyemlemaza ni fundi na kamati iliyoidhinisha mchoro. Mwalimu wa michezo akimwambia akae kivulini atunze sweta za wenzake, hapo amelemazwa tena, mara hii kwa ulimi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wenye ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006 na kuridhiwa na Kenya mwaka 2008, unasema jambo hili hili kwa lugha ya kisheria: ulemavu hutokana na kukutana kwa hali ya mtu na vizuizi vya mitazamo na mazingira. Kiswahili kilikuwa na sarufi ya kulieleza tangu zamani. Kulemaa ni jambo moja, kulemazwa ni jingine. Mwalimu anayeitambua tofauti hiyo ataacha kuuliza, "Mtoto huyu ana kasoro gani?" na kuanza kuuliza, "Shule hii inamzuia wapi?"

Nikishasema hayo, sitaki nieleweke kwamba maneno yote ni sawa. Yapo yanayostahili kuzikwa. Zeruzeru ni mojawapo. Wanaohusika wamelikataa waziwazi, na tuna neno mwafaka, mtu mwenye ualbino. Taahira na punguani si maneno ya kumwita mtoto mwenye ulemavu wa akili. Kwa muda mrefu yametumika kutukania, na tusi halitakati kwa kuandikwa katika ripoti rasmi. Bubu ni kosa la dhana hata kabla ya kuwa kosa la adabu: mtu kutosikia hakumaanishi kwamba hana lugha. Na mtoto mwenye usonji, au tawahudi kama wengine wanavyoiita, si mtoto mtundu wala aliyelogwa.

Hata hivyo, maneno yanayonikera zaidi ni yale yanayovaa joho la huruma. La kwanza ni wasiojiweza. Utalisikia katika harambee, katika hotuba za wanasiasa na katika taarifa za habari: "Mheshimiwa alitoa msaada kwa wasiojiweza." Hasiye nini? Mvulana asiyeona wa mwalimu wangu anavaa sare mwenyewe, anaenda shuleni, anasoma kwa vidole na kuandika kwa mashine. Anajiweza. Asichokiweza ni kitabu kisichochapishwa kwa breli, na hapo asiyejiweza ni mchapishaji.

La pili ni kawaida. Tunasema shule za kawaida na watoto wa kawaida. Wasemao hivyo hawana nia mbaya. Lakini hebu fikiria wewe ni mtoto wa miaka tisa, umekaa gwarideni, mwalimu mkuu anatangaza kwamba watoto wa kawaida waende uwanjani na nyinyi wengine mbaki. Ikiwa wao ni wa kawaida, wewe ni wa nini?

La tatu ni ule mtindo wa kusema mtu anaugua ulemavu au ameathirika. Ulemavu si malaria. Hauambukizi, na walio wengi hawausubiri upone ili waanze kuishi.

Hapa ndipo ninapotaka kusimama kidogo, maana tunagusa dhana ambayo walimu wa Kiswahili wanaifahamu vyema: tasfida. Tasfida ni ustaarabu wa lugha yetu wa kutaja kwa staha mambo yanayoonewa haya au yanayoogopwa. Tunasema ameaga dunia, amejifungua, ameenda msalani. Ni jambo jema. Wanaodai kwamba kuchunga maneno ni ugeni tulioletewa na Wazungu hawajaisikiliza lugha yao. Mswahili alichunga ulimi kabla ya warsha kubuniwa.

Tatizo ni kwamba tasfida ina sharti lake la siri. Hutumika palipo na aibu au hofu. Tunapofanya tasfida ya ulemavu, tunakuwa tumekubali kimyakimya kwamba ulemavu ni aibu. Ndiyo maana maneno ya tasfida hayadumu. Tulipotaka kuwasitiri watoto waliokuwa katika madarasa tengefu tuliwaita wanafunzi maalumu, au kwa lugha ya mitaani, spesho. Nendeni leo katika uwanja wa shule yoyote iliyo na kitengo kama hicho msikilize watoto wanavyotaniana. "Wacha uspesho wewe!" Neno lililoletwa kama blanketi limekuwa fimbo. Na tukileta blanketi jingine kesho, nalo litageuzwa fimbo kesho kutwa, maadamu mkono unaolishika haujabadilika.

Kwa hivyo, msimamo wangu ni huu: ulemavu hauhitaji tasfida, unahitaji usahihi. Sema mwanafunzi asiyeona kama haoni. Sema mwenye uoni hafifu kama anaona kidogo, kwa sababu huyo anahitaji maandishi makubwa, si breli. Sema kiziwi kama ni kiziwi na mwenyewe ameridhia. Sema anatumia kiti cha magurudumu, maana anakitumia yeye; hakijamfunga. Usahihi ni heshima kwa sababu unatuonyesha la kufanya. Mahitaji maalumu hayamwambii mwalimu chochote. Asiyeona humwambia alete breli.

Tukitoka katika msamiati tuingie katika methali, tunakutana na mambo yanayotaka jicho la uhakiki. Methali inayofunzwa zaidi kuhusu suala hili ni Hujafa hujaumbika. Hukaribiana nayo Mcheka kilema hafi bila kumfika. Walimu huzitumia kuwakanya wanafunzi wasiwacheke wenzao, na vitabu vya mazoezi huzitolea insha kila uchao. Kwa karne nyingi zimewakinga watu wengi dhidi ya kejeli, na sitazibeza.

Lakini tuzisome kwa makini. Zinasema usimcheke kwa sababu yatakupata wewe. Msingi wa heshima hapo ni woga. Ulemavu unachorwa kama adhabu inayokunyemelea, deni litakalodaiwa mcheshi. Mtoto anayefunzwa hivyo atanyamaza, ndiyo, lakini atanyamaza kama anavyonyamaza akipita makaburini usiku. Hatamwalika mwenzake katika mchezo. Atamkwepa. Kumbe tumefuta kicheko tukapanda hofu, na hofu ndiyo iliyowafanya baadhi ya wazazi wetu wawafiche watoto chumba cha nyuma wageni wanapobisha hodi.

Linganisha na methali nyingine tuliyo nayo: Ukipenda, chongo utaita kengeza. Wengi huitumia kwa kejeli, kumcheka mpenzi aliyepumbazwa. Ila ndani yake mna elimu ya thamani: jicho la anayetazama ndilo linaloamua jina la kinachotazamwa. Mtazamo hutangulia, jina hufuata. Mwalimu akitaka methali ya kujadili na darasa la nane au gredi ya tisa, na aziweke hizi mbili pamoja, kisha awaulize wanafunzi ni ipi ingewafanya wacheze pamoja. Huo utakuwa mjadala bora kuliko insha ya kukariri.

Fasihi andishi nayo ina mzigo wake. Nikiwatazama wahusika wenye ulemavu katika kazi nyingi tunazowasomesha vijana, naona aghalabu wamevishwa barakoa mbili. Ama ni mzigo unaowaliza wengine, ama ni malaika anayewafunza wengine uvumilivu. Katika Kidagaa Kimemwozea, riwaya ya marehemu Ken Walibora iliyosomwa na maelfu ya watahiniwa wa kidato cha nne, Mwalimu Majisifu ana watoto wenye ulemavu na anawaonea haya, ilhali Imani, kijakazi wa nyumba ile, anawalea kwa upole. Mwandishi amefanya jambo la busara. Ameuweka unyanyapaa nyumbani kwa mwalimu, mtu wa vitabu, kutuonyesha kwamba shahada na sifa haziponyi moyo. Hapo ameupiga mshipa.

Hata hivyo, naamini msomaji ana haki ya kudai zaidi. Watoto wale wanatumika zaidi kama mizani ya kuwapimia watu wazima. Tunamjua Majisifu kuwa mbaya kwa kuwadharau, na Imani kuwa mwema kwa kuwatunza. Wao wenyewe wanataka nini? Wanacheka nini wakiwa peke yao? Wana wivu, utundu, ndoto? Mhusika anayekuwepo ili wengine waonekane ni kama taa. Tunaona kilichoangaziwa, hatuioni taa. Natamani waandishi wetu chipukizi watupe mhusika kiziwi ambaye ni mwongo, ambaye ni mpelelezi hodari, ambaye ni mchoyo, ambaye amependa na kukataliwa; mhusika ambaye uziwi wake ni sehemu ya maisha yake bila ya kuwa ndiyo hadithi yote. Nao walimu wanapodurusu riwaya kama hii wasiishie kuorodhesha "maudhui ya ulemavu" kwa nukta tano za mtihani.

Barakoa ya malaika haiishii vitabuni. Miaka kadhaa iliyopita nilihudhuria tamasha moja la ushairi wa wanafunzi. Alipanda jukwaani kijana asiyeona, akaghani tarbia aliyoitunga mwenyewe. Ukumbi ulizizima. Watu walisimama, wengine wakapanda jukwaani kumtunza pesa. Ilipofika zamu ya majaji kutoa maoni, kila mshiriki alielezwa alipopwaya: huyu mizani zimepungua, huyu vina vimeyumba, yule kituo chake hakikutulia. Kwa kijana yule jaji alisema tu kwamba ametutoa machozi na kwamba Mungu azidi kumbariki. Basi.

Baadaye alinifikia akiongozwa na mwenzake, akanisalimu na kuniuliza, "Mwalimu, ubeti wa tatu, mshororo wa pili, mizani zilitosha?" Nikamwomba aurudie mshororo ule, tukahesabu pamoja. Zilikuwa kumi na nane badala ya kumi na sita. Akacheka. "Nilijua," akasema. "Lakini hakuna aliyetaka kuniambia."

Maneno yale yanaeleza hali ya shule zetu kuliko ripoti nyingi. Kijana alipewa machozi na noti, akanyimwa uhakiki. Na kumnyima mtu uhakiki ni kumwambia kwamba hukutarajia lolote kutoka kwake. Kwamba kusimama kwake tu jukwaani kumetosha. Matarajio ya chini ni dharau iliyopakwa asali. Mwalimu anayempa mwanafunzi mwenye ulemavu alama za huruma anamwibia nafasi ya kujua alipokosea, na kwa hiyo nafasi ya kuwa mshairi.

Sasa nije kwetu sisi wa Kiswahili. Watahiniwa viziwi nchini humu huruhusiwa kufanya Lugha ya Ishara ya Kenya badala ya Kiswahili. Ni hatua ya haki. Lugha ya ishara ni lugha kamili yenye sarufi yake, jambo ambalo William Stokoe alilidhihirisha kuhusu ile ya Marekani tangu mwaka 1960, na Katiba yetu imeitaja katika kifungu cha 7 na hata kuifanya mojawapo ya lugha tatu rasmi za Bunge. Ila hatua hiyo imetufanya walimu wa Kiswahili tujione tumesamehewa. Tunamwona mtoto kiziwi kuwa wa wengine. Lakini mtoto huyo huyo ataishi katika nchi ambamo ilani za barabarani, matangazo ya kazi na jumbe za simu za jamaa zake zimeandikwa kwa Kiswahili. Kutofanya mtihani wa somo hakumaanishi kutolihitaji.

Na kwa wale tulio nao darasani, mbinu zetu zina vikwazo tusivyoviona. Tunatoa imla tukiwa tumeugeukia ubao, na mwanafunzi mwenye usikivu hafifu anayesoma midomo yetu anabaki kusoma kisogo. Tunaandika "Tazama picha hii kisha ujibu maswali" bila kumwandalia asiyeona maelezo ya picha. Tunamwita mwenye kigugumizi asome kwa sauti, kisha tunammalizia maneno. Tunamkemea anayechanganya herufi b na d kwamba ni mvivu, ilhali huenda ana ugumu wa kusoma ambao ungetambuliwa kama angetathminiwa. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachohitaji bajeti ya serikali ili kirekebishwe. Kumgeukia mtoto unaposema naye ni bure.

Kuna wanaonijibu kwamba dawa ni kuwaleta tu watoto wote pamoja, mitazamo itajirekebisha. Sera ya Wizara ya Elimu ya mwaka 2018 kuhusu wanafunzi wenye ulemavu inasisitiza elimu jumuishi, nami naiunga mkono. Lakini kukaa pamoja peke yake hakutoshi. Mwanasaikolojia Gordon Allport, katika kitabu chake cha mwaka 1954 kuhusu chuki baina ya makundi, alieleza kwamba kukutana kwa watu hupunguza chuki palipo na masharti fulani: wawe na hadhi sawa, wawe na lengo moja, washirikiane kulifikia, na wenye mamlaka waonekane kuunga mkono. Mtoto anayesukumwa kwenye kiti kila siku na wenzake bila yeye kuwafanyia chochote hana hadhi sawa. Amekuwa kazi ya zamu. Mfanye kiranja. Mfanye katibu wa chama cha Kiswahili. Mpe kikundi chake tamthilia waiigize, na yeye awe mwelekezi. Hapo wenzake watamgombania kwa sababu wanamhitaji, na watagombana naye pia, jambo ambalo ni dalili njema.

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu takribani watu 900,000 wenye ulemavu kati ya Wakenya wa umri wa miaka mitano kwenda juu, yaani asilimia 2.2. Taasisi ya KISE imekuwa ikiwaandaa walimu wa elimu maalumu tangu mwaka 1986. Lakini hao hawawezi kuwa katika kila darasa. Mwanafunzi mwenye ulemavu atakutana zaidi na mwalimu asiye mtaalamu, kama huyu aliyeniuliza swali, ambaye ana wanafunzi hamsini na chaki moja. Mtazamo wa hao hamsini utafuata ulimi wa mwalimu wao. Akimwita mwenzao "huyu wetu maskini", watamhurumia. Akimwita "mwerevu wa methali", watamwendea na maswali.

Kwa hivyo, mwalimu mwenzangu, hili ndilo jibu langu. Katika maandishi rasmi tumia mwanafunzi mwenye ulemavu, kisha utaje ni ulemavu gani ikiwa kuutaja kunasaidia jambo. Kama hakusaidii, usiutaje. Wanaoishi na ulemavu ni tafsiri ya Kiingereza. Haina dhambi, lakini haituongezei maana. Mlemavu si tusi likisemwa kwa adabu na likakubaliwa na anayeitwa. Wasiojiweza liache kabisa. Upatanisho uwe wa A-WA daima. Muulize mvulana wako na msichana wako wanapenda hali zao zitajwe vipi, uwaulize wakiwa peke yao, wala usishangae wakikujibu tofauti.

Kisha chukua daftari la insha la yule mvulana, ulisahihishe kama ya wenzake. Ukikuta kosa, mwambie.